Watu Wangapi, na Kazi Gani?

Katika nchi ya Marekani, hata mji mdogo kama Muncie, jimbo la Indiana, wajua idadi ya watu wake. Mwaka 2020 walikuwa kama 65,000. Hesabu hiyo hufanywa kila miaka kumi tangu 1790, na kila mwaka nyumba kadhaa huulizwa mambo mengine zaidi: nani afanya kazi gani, apata kiasi gani, tena atumia dakika ngapi kufika kazini. Dakika! Tuliposoma habari hiyo, tulitamani kujua Kasongo yetu ingejibu nini.

Kwetu Kongo hesabu kamili ya watu wote ilifanywa mara ya mwisho mwaka 1984, wakati wazazi wengi wa wanafunzi wetu walikuwa hawajazaliwa. Tangu hapo twaishi kwa makadirio. Orodha za wapiga kura ndizo zinazogawa viti vya wabunge, lakini mtoto hamo. Vitabu vya ubatizo vya parokia vimeandikwa kwa uangalifu mwingi. Walakini Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip kabla Dhanis hajauteka mwezi Aprili 1893, na hata leo jirani zetu Waislamu ni wengi. Hao nao hawamo. Basi, mwezi Septemba 2019 masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bure, walikuja watoto ambao hakuna aliyewatazamia, na benchi la watatu likakaliwa na watano.

Habari ya kazi ni ngumu zaidi. Kila mwanzo wa mwaka twawaomba wanafunzi waandike kazi ya baba na ya mama. Mtoto wa mwalimu huandika "mwalimu", wa muuguzi "muuguzi". Juu ya mama, wengi huandika: "Hana kazi."

Nasi twamjua mama huyo! Alfajiri yuko njiani kwenda shambani, jembe begani na mtoto mgongoni. Alima mpunga, muhogo na karanga, akirudi, atwanga, jioni aketi sokoni na chupa zake za mawese. Sabuni, dawa na madaftari ya nyumba hiyo hutoka mkononi mwake. Neno hilo "hana kazi" halikuzuka bure. Zamani za Wabelgiji, kazi ilikuwa ile yenye mshahara. Na pamba, iliyolimwa kwa kulazimishwa baada ya amri ya mwaka 1917, ilipimwa kilo kwa kilo. Muhogo wa chakula cha nyumbani nani aliupima?

Kwa hiyo tumebadili swali. Sasa twasema: "Andika yote aliyoyafanya mama jana, tangu alipoamka." Binti mmoja wa Kibangubangu, mwenye kusema machache sana, alijaza ukurasa mzima akaomba karatasi nyingine.

Akina baba nao wana mambo yao. Reli ya kutoka Kindu kwenda Kongolo hupita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, haiugusi mji wetu. Ndiyo maana wengine husukuma baiskeli zenye mizigo ya mchele hadi Kindu, zaidi ya kilomita 200 za matope na mchanga. Mwulize mtu wa namna hiyo habari ya dakika, atacheka. Yeye huhesabu siku, na mipira ya magurudumu iliyopasuka.

Kwa upande wa Kabambare, vijana huvutwa na dhahabu. Kampuni kubwa ilianza kuitoa Namoya, karibu na Salamabila. Lakini wachimbaji wa mkono walikuwako kabla yake. Kila kiangazi baadhi ya wanafunzi wetu huenda huko. Daftari la shule husema "ameacha", na huko mashimoni hapana daftari la kusema "amefika". Mwaka huu wamekwenda saba, wawili wao hawajatimiza miaka kumi na minne. Tumeandika majina yao na ya vijiji vyao, pamoja na tarehe ambayo kila mmoja alionekana mara ya mwisho darasani. Mama zao huja siku ya soko kuuliza kama tumesikia neno lo lote.