Sombe bila karanga

Juzi sisi walimu wa kujitolea tulitembelea nyumba moja hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996. Mtoto wao akila karanga, hata kidogo, midomo inavimba na pumzi inabana. Kwa hiyo mama anapika sombe ya wote kwa mawese na kitunguu tu.

Majirani walisema anamdekeza, wakampa mtoto kashata. Usiku ule ule walimbeba wenyewe mbio mpaka zahanati. Siku hizi wanauliza kwanza.

Tuliwakuta watoto wa nyumba zote mbili wakitengeneza gari la waya, magurudumu vifuniko vya chupa.

Mama, wewe hudekezi, unalinda. Jipe moyo. Na sisi jirani tuulize kabla ya kumpa mtoto chakula.