Mbwa asiyetaka kurudisha mpira

Mbwa wetu hapa Tandahimba alizoea kulinda korosho, si kucheza. Mpwa wangu akimrushia mpira wa makaratasi, anautazama tu. Akiuokota, hauachii.

Nilimkataza mtoto kumpokonya, maana mbwa akipokonywa kitu mdomoni huweza kung'ata, hata aliyezoeleka. Tukaanza kubadilishana naye: akiuachia mpira, anapata dagaa mmoja. Tulirusha karibu, mara chache, jioni jua likipoa. Wiki ya tatu akauleta mwenyewe. Siku asipotaka, tunamwacha.

Kabla ya michezo hiyo tulimpeleka kuchanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mzazi, mwanao aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Huku kwetu maji ni ya shida, lakini hayo usiyabanie. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na mwambie mapema: aking'atwa aseme, hatachapwa. Mtoto anayeogopa fimbo huficha jeraha.