Kijana Atakaye Kusoma Saikolojia

Siku hizi vijana wa huku kwetu Igogwe wamalizapo kidato cha sita huleta nyumbani jina la elimu ambalo wazazi wengi hawajalisikia, nalo ni saikolojia. Mzazi hudhani mwanawe ataka kuwa mganga wa wendawazimu, na kijana naye mara nyingi hudhani vivyo hivyo. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana karo hutoka katika viazi, ndizi na maparachichi yetu, na fedha ikiisha kutumika hairudi.

Saikolojia ni elimu ya akili ya mwanadamu na mienendo yake: jinsi ajifunzavyo, aogopavyo, na akaavyo na wenzake. Mjerumani Wilhelm Wundt alifungua chumba cha majaribio ya elimu hii mjini Leipzig mwaka 1879, na hata leo mambo yake hupimwa kwa hesabu. Basi mwanafunzi akimbiaye hesabu na ajue kwamba atazikuta huko, kwa jina la takwimu.

Jina ni moja, lakini njia ni nyingi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam saikolojia husomwa pamoja na ualimu, katika Shule Kuu ya Elimu. Makerere, nchini Uganda, iko shahada ya saikolojia ya jamii, na nyingine ya saikolojia ya viwanda na mashirika. Lakini atakaye kuwatibu wagonjwa kwa mazungumzo na vipimo hatoshwi na shahada ya kwanza. Chuo Kikuu cha Muhimbili hufundisha saikolojia ya tiba katika shahada ya pili. Na atakaye kuwa daktari wa kutoa dawa katika hospitali kama Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, hana budi asome kwanza udaktari miaka mitano, ndipo ajifunze magonjwa ya akili. Mlango huo hufunguliwa na fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha tano na cha sita. Aliyechagua historia na Kiswahili amekwisha kuupita.

Binti mmoja alitujia akisema ataka saikolojia kwa sababu ndugu yake aliugua akili, na watu wa nyumbani wakamficha. Tukamwuliza, "Mwanangu, wataka kumpa dawa, au kuzungumza naye, au kuwafundisha watu wasimfiche?" Akanyamaza kitambo, akajibu, "Mwalimu, nataka wasimfiche." Basi njia yake ikajulikana: ni ya jamii na mafundisho, wala si ya udaktari.

Kwa hiyo twawasihi wazazi: msimwulize kijana jina la shahada tu, mwulizeni ni kazi gani ataka kuifanya, na kwa nani. Kisha someni pamoja naye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, utolewao kila mwaka, mwone sifa zitakiwazo. Mkiomba fedha ya Bodi ya Mikopo, kumbukeni kwamba ni deni, nalo litalipwa. Na maswali hayo yaanze kijana angali kidato cha nne, kabla milango haijafungwa. Kuuliza si ujinga.