Hundi Yako Ikichukuliwa na Mtu Mwingine

Hundi ni karatasi. Lakini karatasi hiyo inaiambia benki: "Mlipe mtu huyu fedha hizi kutoka katika akaunti yangu." Mtu ambaye jina lake limeandikwa pale ndiye mwenye haki ya kulipwa. Je, utafanya nini ukisikia kwamba hundi yenye jina lako imekwisha lipwa, nawe hukupata hata senti tano?

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti cha kazi hiyo, sheria sikuisomea. Lakini jambo hili lilimpata mwanafunzi wangu mmoja, nami nilikwenda naye kila ofisi. Niliyojifunza huko ndiyo ninayokuandikia.

Mwanafunzi huyo ni mama mjane. Shamba lake la mikorosho lilipitiwa na barabara, akawa anangoja fidia. Siku ya kugawa hundi alikuwa hospitali akimwuguza mjukuu wake. Aliporudi aliambiwa, "Hundi yako imechukuliwa na mtu wa nyumbani kwako." Tulipoomba kuliona daftari la kupokelea, tulikuta alama ya dole gumba mbele ya jina lake.

Mama yule alicheka kwa uchungu. Alikuwa ameacha kutumia dole gumba tangu mwaka uliopita. Sasa huandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, bila haraka. Kwa hiyo alama ile, ambayo zamani ingemfunga mdomo, sasa ilikuwa shahidi wake.

Hata hivyo hakwenda benki siku ile. Usiku shemeji yake alikuja. "Shemeji," alisema, "mambo haya ni ya ukoo. Tuyamalize nyumbani." Mama alielewa. Alikuwa akimshuku mtoto wa shemeji huyo. Asubuhi aliniuliza, "Mwalimu, nikimpeleka mtoto wetu polisi, nani atanizika?"

Ndugu msomaji, swali hilo usilidharau. Watu wengi hunyamaza kwa ajili hiyo, wala si kwa ujinga. Lakini kunyamaza kuna gharama yake. Sheria yetu ya hundi ilitokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, na huko Uingereza, katika miaka ya 1930, palikuwa na kesi ya Bwana Greenwood na benki yake. Mke wake aliiga sahihi yake katika hundi nyingi akachukua fedha. Bwana huyo alipojua, mkewe alimsihi asiseme. Akanyamaza miezi minane. Baadaye, mkewe akiwa amekwisha kufa, aliidai benki, akashindwa. Kwa kawaida sahihi ya kuiga haina nguvu yo yote, na benki iliyolipa kwa sahihi hiyo haiwezi kumkata mwenye akaunti. Lakini yeye alijua, akaiacha benki isijue wakati ilipoweza kudai haki yake.

Nilimweleza mama hivi: barua yako haihitaji jina la mwizi. Andika unayoyajua tu. Kumtafuta mwizi ni kazi ya polisi. Basi alikaa akaandika mwenyewe, mimi nikimsaidia tahajia:

"Hundi ya fidia yenye jina langu sikuipokea. Sikumtuma mtu kuichukua. Alama iliyo katika daftari si yangu. Mimi hutia sahihi kwa mkono. Naomba malipo yazuiwe. Kama imekwisha lipwa, naomba akaunti iliyopokea fedha izuiwe, nami nionyeshwe hundi hiyo mbele na nyuma."

Akaweka tarehe, namba ya hundi, kiasi na sahihi.

Barua ilikwenda kwanza katika ofisi iliyoandika hundi. Sababu ni hii: mwenye akaunti ndiye anayeweza kuiamuru benki isilipe. Wewe uliyeandikiwa huna amri hiyo. Nakala ikaenda benki siku ile ile, kisha tukaenda polisi. Huko usiondoke bila namba ya taarifa, ile ambayo watu huiita RB. Na kila ofisi unayopeleka barua, waombe wagonge mhuri wa kupokea juu ya nakala yako. Karani mmoja alituambia mhuri si lazima. Tulikaa kwenye benchi mpaka akaugonga.

Bahati ni kwamba hundi ile ilikuwa imechorwa mistari miwili. Hundi yenye mistari hiyo hailipwi fedha mkononi dirishani. Lazima ipitie katika akaunti. Na akaunti ina picha na jina la mtu. Ilionekana kwamba mtu alikuwa amefungua akaunti kwa jina la mama yule, lakini picha ilikuwa ya mwanamke mwingine. Fedha kiasi zilikuwa bado zimo. Zikazuiwa, naye akalipwa hizo baada ya miezi minne. Zilizobaki, ofisi na benki bado wanaandikiana. Kwa maoni yangu, benki iliyomfungulia akaunti mtu asiye yeye ina la kujibu. Kijana amekimbilia mjini. Shemeji hajakanyaga tena nyumbani kwa mama.

Kama hundi ingekuwa haina mistari, mambo yangekuwa magumu zaidi. Mwizi akiiga sahihi yako nyuma ya hundi ya namna hiyo, na benki ikailipa kwa nia njema, sheria humlinda mwenye benki. Kwa hiyo ukiandikiwa hundi, omba ichorwe mistari.

Na ukiwa wewe ndiwe mwandikaji, labda kwa ajili ya chama chenu, usiache nafasi tupu. Mwaka 1915 huko London, karani mmoja alimpelekea tajiri wake hundi yenye tarakimu 2 peke yake, mahali pa maneno pakiwa patupu. Tajiri alikuwa na haraka, akatia sahihi. Karani akaongeza 1 mbele na 0 nyuma, akaandika maneno, akachukua paundi 120. Mwaka 1918 mahakama ya juu ilisema hasara ni ya tajiri. Andika maneno kwanza, uanzie pembeni kabisa, na nafasi inayobaki uipige mstari.

Benki ikikataa kukusikiliza, yako mahali pengine pa kwenda. Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, na kanuni za kuwalinda wateja zilitolewa mwaka 2019. Lakini watakuuliza kwanza kama umelalamika katika benki yenyewe. Hapo utawaonyesha ile nakala yenye mhuri.