Namna nilivyounguza ampli ya kwaya

Wandugu wanafunzi, ni mimi kapita wenu, yule anayeandika majina ya wachelewaji. Ampli ya kwaya ni ya motokari, inataka volti 12 tu. Sauti ilikuwa kidogo, basi nikaleta batri ya pili, nikaunga plus ya moja na minus ya ingine. Kumbe ile inazaa volti 24! Ingepasa plus kwa plus, minus kwa minus: volti zinabaki 12, ni masaa tu yanaongezeka. Na fizibule? Ilikuwa imekatika zamani, niliweka kipande cha waya. Moshi ukatoka, masoprano wakakimbia. Mwalimu aliuliza nani, nikanyamaza. Mdogo mmoja wa mwaka wa pili akafagia juma zima kwa kosa langu. Jana nilikwenda kwa Mwalimu. Kwa yule mdogo, bado.