Pikapu ya Muleba

Geji ilisema kilomita 98,000. Pedali ya klachi, iliyolika mpira hadi chuma, ilisema vingine. Mkulima wa kahawa kutoka Muleba aliiamini pedali. Alfajiri hiyo, mjini Bukoba, aligusa boneti akaikuta ina joto. Injini isiyo na ila haipashwi moto kabla ya mnunuzi kufika. Akasubiri ipoe. Ilipowashwa ilitoa moshi wa buluu: inakula oili. Bei ikashuka, akainunua vivyo hivyo, kwani tangu MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, mamaye hataki mwana wala mzigo wake upite ziwani. Mwenye jahazi kuukuu atamwelewa: kila safari hupima oili kwanza, ndipo mikungu ya ndizi ipakiwe. Galoni ya akiba hukaa nyuma ya kiti.