Pumzi Yangu Ilirudi Nguzo kwa Nguzo

Kama unajua Bukavu, unajua vilima vyetu. Mji uko karibu mita 1500 juu ya bahari, na toka Nyawera mpaka Kadutu ni kupanda tu. Nilipanda pale miaka mingi na Biblia mkononi, bila kufikiri hata siku moja kama niko na mapafu. Mwaka 2018 nilianza kuyafikiri.

Nilikohoa mwezi mzima. Usiku shuka lililowa jasho, na suruali ikaanza kunianguka. Majirani walisema ni karuho, mtu amenitilia sumu, na mzee mmoja akaniletea dawa ya kutapika. Ninasikia haya kuandika, lakini niliikunywa. Siku nilipoona damu kwenye kitambaa, mama watoto hakunipa nafasi ya kubishana. Makohozi yakapimwa: kifua kikuu. Nikalazwa.

Dawa zake ni bure, ujue hilo. Ni miezi 6: miwili ya kwanza dawa za aina 4, minne ya mwisho aina 2. Mkojo unageuka mwekundu, usiogope. Mwezi wa pili nilisikia nguvu, nikataka kuacha. Munganga alinikaripia: wadudu wanaobaki wanazoea dawa, na kuwaua kisha ni kazi kubwa sana. Basi nikaendelea.

Sasa sikia jambo ambalo mimi sikuambiwa mapema. Nilipona, makohozi yakawa safi, lakini pumzi haikurudi. Siku ya Mungu ya kwanza nilisimama kuongoza wimbo, na ubeti wa pili ukanishinda. Nikakaa mbele ya watu wote. Kifua kikuu kinaweza kuacha makovu ndani ya mapafu, na miguu iliyolala miezi mingi inalegea. Mimi nilizani dawa yake ni kulala tu. Nikazidi kulegea. Kisha kiburi kikanipandisha Kadutu mara moja. Nilishika ukuta wa duka, na mama mmoja muuza ndizi akanipa kiti chake.

Munganga mmoja mwanamke ndiye alinifundisha. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka 2, itoe kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepuliza mbabula pole pole, ukihesabu mpaka 4. Tembea fasi ya tambarare dakika 10 kila siku, kisha ongeza kidogo kidogo. Kama unaweza kusema lakini huwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Kama hata kusema kunakushinda, simama. (Kwa pasta, kipimo hiki kilinifaa sana.) Kula maharagwe, sambaza, sombe. Mimi nilihesabu nguzo za umeme. Siku ya kwanza 3. Mwezi wa nne nilifika soko ya Kadutu, nikipumzika mara mbili.

Katika hospitali nililala karibu na kijana mchimbaji wa Kamituga. Alimaliza dawa vizuri, na alikuwa na nguvu kuniliko. Lakini deni lilimngoja, akarudi shimoni wiki ile ile. Mwaka uliofuata hakuweza kutoka kitandani mpaka mlangoni. Picha ya kifua ilionyesha vumbi la mawe. Vumbi lile laini likifika ndani kabisa halitoki, hakuna dawa ya kuliondoa, tena linakifungulia kifua kikuu mlango. Wewe mama twangaise, unayetwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu, ni vumbi lile lile. Lowesha mawe kwanza. Kitambaa cha mdomo hakitoshi, na mtoto asikae mgongoni pale.

Kijana yule anauza mikate hapa mjini sasa. Siku ya tano jioni tunatembea pamoja. Amefika nguzo 9. Kila mara ananiuliza: «Pasta, nitarudi shimoni lini?» Ninamwambia tuhesabu nguzo kwanza.